Mkia wa Neno

Alhamisi ile Sekela alifika kwenye stoo ya misheni kabla ya saa tisa. Aliketi juu ya gunia la chumvi, akafungua daftari magotini, akatega sikio barabarani. Alijidanganya kwamba anasoma. Ukweli ni kwamba alikuwa akisikiliza mngurumo wa lori moja tu, na mngurumo huo angeutambua hata usingizini. Likipanda kilima cha Iringa, lori lile lilipiga chafya mara mbili kabla ya kubadili gia.

Daftari lilikuwa la vitenzi vya Kiitaliano. Tangu amalize chuo cha uuguzi, mwaka mzima sasa, Sista Ernesta alikuwa akimfundisha, kwa maana masista walikuwa wamemwombea nafasi ya kusomea ukunga huko kwao, miaka mitatu, katika mji wenye theluji. Ulibaki mtihani wa kuzungumza tu, na ulikuwa Jumatatu.

Sekela hakuwahi kumwambia mtu jinsi vitenzi vile vilivyomshika. Siku ya kwanza, Sista alipoandika ubaoni neno *andare*, kwenda, kisha akaanza kuligeuza, Sekela alisahau kufunga mdomo. *Vado*, ninakwenda. *Andrò*, nitakwenda. *Andai*, nilikwenda, lakini zamani sana, kama habari za babu. *Andrei*, ningekwenda. Neno lilikuwa lile lile, na kila mara lilikuja na sura mpya. Usiku ule hakupata usingizi. Alijisikia kama siku ile ya utotoni, baba yake alipompandisha juu ya mlima wa Mbeya akaona bonde la Usangu limelala chini, limenyooka hadi macho yakachoka. Kumbe dunia ni kubwa hivi, naye alikuwa akiishi ndani yake bila kujua!

Tatizo lilikuwa mdomo. Kwenye karatasi Sekela hakukosea hata herufi. Lakini wiki mbili nyuma Sista alimwita ofisini, akamwuliza kwa Kiitaliano, taratibu kabisa, "Unakwenda wapi?" Sekela alitazama sakafu, na mdomo ukatoa kile ulichokuwa umezoea kutoa: *vado, vai, va*, ninakwenda, unakwenda, anakwenda, hadi wao wanakwenda. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemsimamisha, akaingia wakati uliopita, akaumaliza, akaanza ujao. Sista Ernesta alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi.

"Binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake, "nilikuuliza unakwenda wapi, wewe umekwenda kila mahali!"

Ndipo Sista akamwomba Asukile, dereva wa lori la misheni, amsaidie.

Lori lilipiga chafya. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Sekela alinyoosha kitenge chake, akakunja ukurasa, akaukunjua tena.

"Mwalimu!" Asukile aliita kutoka mlangoni, akijipangusa mikono kwa tambara. "Mwalimu amefika kabla ya mwanafunzi. Au mimi ndiye mwalimu leo? Nasahau kila siku."

"Shikamoo, kaka Asukile."

"Marahaba, lakini hiyo 'kaka' iache nje, pamoja na vumbi."

Alikuwa kijana mrefu wa Kinyakyusa, mwenye sauti ya chini na meno ya mbele yaliyoachana kidogo. Miaka mitano alikuwa amefanya kazi na Waitaliano waliojenga barabara kuu, kwanza kubeba maji, halafu kushika usukani. Sasa aliendesha lori la misheni kati ya Mbeya na Iringa, saruji huku, mchele kule. Kiitaliano chake kilikuwa cha barabarani. Kitenzi hakukigeuza hata kimoja.

"Mimi kwenda, wewe kwenda, bosi kwenda, lori kwenda," alikuwa amemweleza siku ya kwanza. "Jana kwenda, kesho kwenda. Halafu unaongeza mikono. Miaka mitano walinielewa, mshahara walinipa."

Sekela alikuwa amecheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini alipomsikia siku moja akiongea na Padri aliyekuja kupokea saruji, kicheko kilikauka. Asukile hakuogopa! Maneno yalimtoka yakiwa mabovu, yamevunjika miguu, na bado yalitembea hadi kwa Padri, yakamgusa, yakamchekesha, yakarudi na jibu. Sekela alisimama nyuma ya mlango akishika daftari lake lenye maneno mazima yasiyokwenda popote. Alimstaajabia mtu yule kama mtu anavyostaajabia anayetembea juu ya maji.

"Haya," Asukile alisema, akaketi juu ya debe lililopinduliwa. "Mimi ni Sista. Habari za nyumbani kwenu, binti?"

Sekela alifungua mdomo, akamwona anavyomtazama, akaufunga.

"Bado?"

Alitikisa kichwa.

Asukile alifikiri, huku akijikuna kidevu. "Tufanye hivi. Nigeuzie mgongo. Usiongee na mimi, ongea na yale magunia ya mchele. Hayo hayana macho."

"Nitaonekana mjinga."

"Na nani? Na mchele wa Ubaruku?"

Sekela aligeuka. Alitazama magunia, kamba zake, na punje chache zilizomwagika sakafuni. Kisha akaanza kuongea. Aliyaambia magunia kwamba nyumbani kwao ni juu kidogo ya mji wa Mbeya, kwamba baba yake ni mzee wa kanisa, kwamba mama yake alifariki akimzaa mdogo wake, na mtoto naye hakupona, na kwamba hiyo ndiyo sababu yeye anataka kuwa mkunga. Vitenzi vilikuja vyenyewe, kila kimoja kimevaa nguo yake. Aliponyamaza, stoo nzima ilikuwa kimya.

"Kaka Asukile?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sikujua hayo ya mama yako. Pole." Kisha akasema, "Sekela, mimi nimekaa na watu hawa miaka mitano. Sijawahi kusikia lugha yao ikisemwa vizuri hivyo. Unavifanyaje hivyo vitenzi?"

Kwa kuwa alikuwa bado amegeuka, aliweza kumjibu.

"Sisi wakati tunauweka mbele. Ni-li, ni-na, ni-ta. Mtu anaujua kabla hujataja jambo lenyewe. Wao wanauweka mkiani. Lazima umsikilize mtu hadi amalize neno, ndipo ujue kama ameshakwenda, au anakwenda, au anatamani tu."

"Anatamani tu?"

"Ipo namna yake. Ya mambo ambayo hayajatokea, yako moyoni. Natumaini *aje*. Naogopa *asije*. Na sisi tunayo, lakini wao wameijengea nyumba kubwa, ina vyumba vinne."

"Vyumba vinne vya mambo ya moyoni," Asukile alirudia polepole. "Na mimi miaka yote nimekaa nao nje, barabarani."

Sekela alisikia debe likilia, akajua amesimama.

"Ninakufundisha njia ya kuniacha. Unalijua hilo? Kila ukiongea vizuri, ndege inasogea."

Sekela alishika kona ya gunia.

"Sikuzuii. Mtu akuzuie wewe, na sababu uliyonayo? Nakuuliza neno moja tu. Miaka mitatu, nikungoje au nisikungoje?"

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa limejaa kifuani, limepanda hadi kooni, nalo lilikuwa la herufi chache tu. Lakini hata magunia yalikuwa yameota macho sasa. Sekela alisimama vile vile, mgongo umemwelekea, masikio yanawaka.

"Basi," Asukile alisema kwa upole. "Sikulazimishi. Lakini siku ya safari, ukishawaaga kwenu, mimi ndiye nitakayekuleta huku kutoka Mbeya. Nikikufikisha hapa bila neno, nitajua kwamba hilo ndilo neno lako, na sitakusumbua tena."

Aliondoka. Lori lilipiga chafya mara mbili likiteremka.

Jumatatu Sekela alimwomba Sista Ernesta ruhusa ya kutazama dirishani. Sista alishangaa, akakubali. Sekela alizungumza na mti wa mjakaranda dakika ishirini nzima, akafaulu.

*

Nyumba ya Mzee Eliezeri, baba yake Sekela, ilisimama ubavuni mwa kilima, juu ya mji wa Mbeya, kati ya mashamba ya viazi na pareto. Sekela alirudi kuaga akakaa siku kumi. Kila siku alijiambia, leo nitamweleza baba, na kila siku ilipita.

Aliyempa raha nyumbani pale ni wifi yake Tusajigwe, mke wa kaka yake, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye hakuwa amemwona baba mkwe wake usoni tangu siku ya ndoa, miaka sita sasa. Ndivyo alivyolelewa huko kwao Tukuyu: mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hamsalimii, hatamki jina lake, akimwona njiani, anajifunika kichwa na kuacha njia. Ndiyo heshima yenyewe, na ndiyo alama yake kwamba ni mke wa nyumba ile na si mgeni. Mzee Eliezeri, pamoja na uzee wake wa kanisa, alikuwa amejizoeza kukohoa. Kila alipokaribia uani alikohoa mara mbili, *kho, kho*, akahesabu hatua, ndipo akaingia.

"Jana alisahau," Tusajigwe alimnong'oneza Sekela wakimenya viazi. "Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Namwona huyu hapa kwenye kona! Niliruka mtaroni, wifi, na ndoo yangu, na maji yote yakanimwagikia. Nimelala pale kama chura. Na yeye, maskini, amesimama juu anakohoa, sasa anakohoa nini na mimi nimeshalowa?"

Sekela alicheka hadi kisu kikamponyoka.

"Cheka tu. Na wewe zamu yako itafika. Huyo dereva baba yake ni mtu wa kwetu, Tukuyu."

Kicheko kilikatika. "Dereva gani?"

"Wifi, jina lako la kwanza ni Sekela, la pili ni Dereva. Unalitaja ukilala."

Mchana ule ule, siku moja kabla ya safari, *kho, kho*, Tusajigwe akatoweka jikoni, na Mzee Eliezeri akaingia, akavuta kigoda.

"Nimesikia huko Iringa kulikuwa na dereva anayekufundisha."

"Ndiyo, baba. Sista ndiye aliyemwomba."

"Sawa. Na Sista huyo huyo ndiye anayeleta lori la kesho, na dereva ni huyo huyo." Alimtazama bintiye kwa muda mrefu, na macho yake hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu anayelinda taa kwenye upepo. "Sekela, mama yako alikufa kwa kukosa mtu mmoja anayejua unachokwenda kusomea. Mmoja tu. Nataka uondoke hapa shingo yako ikiwa haina kamba. Dereva ana nyumba kila anapolaza gari. Akikuuliza neno, mwambie baba yangu amekataa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alikuwa amesikia. Zaidi ya hapo hakusema.

Asubuhi lori lilikuja, likapiga chafya mlimani, likasimama mbele ya nyumba na magunia ya mchele yamejaa nyuma. Asukile alishuka, amevaa shati jeupe, akamwamkia Mzee Eliezeri kwa kuinama. Kisha mlango wa pili ulifunguka, na akateremka mzee mwembamba mwenye koti refu jeusi, jicho moja limefungwa kitambaa, akipapasa ngazi kwa fimbo.

"Huyu ni baba yangu, Mzee Jailos," Asukile alisema. "Anakwenda Iringa kutibiwa macho."

Uso wa Mzee Eliezeri ulilegea. Kukiwa na mtu mzima garini, safari ilikuwa salama.

"Mwagonile, mwenzangu! Karibu, karibu. Tulikuwa na wasiwasi, binti peke yake njiani. Sekela! Lete chai, uje umsalimie mzee utakayesafiri naye."

Sekela, aliyekuwa amesikia kila neno kutoka ndani, alitokea mlangoni na sinia. Aliona vitu vyote kwa mara moja: koti jeusi, kitambaa cha jichoni, baba yake akitabasamu. Asukile alikuwa amesimama kando ya lori akipiga tairi teke kana kwamba anapima upepo, tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Hakuinua macho. Hakumkumbusha kitu. Alikuwa ameahidi kutomsumbua, na alikuwa akitimiza.

Hatua nne zilibaki. Kama angezimaliza, akapiga goti, akamsalimia mzee yule kama binti yeyote anavyomsalimia mzee yeyote, basi angekuwa mzee yeyote. Wangekunywa chai. Wangepanda garini watatu, bega kwa bega. Na Iringa ingefika bila neno.

Maneno hayakuja. Hakuna lugha iliyoyaleta, ya nyumbani wala ya shuleni wala ya ng'ambo. Lakini miguu ilikuja.

Sekela aliweka sinia chini, palepale kwenye majani. Alivuta kitenge kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso. Aligeuka. Na yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha, alikimbia, akapita ubavuni mwa nyumba, akaingia nyuma ya banda la kuku, akachuchumaa. Kuku walitawanyika kwa makelele.

Alisikia jani la kabichi likitikisika.

"Sekela!" baba yake aliita. "Unamkimbia mgeni? Ni adabu gani..." Sauti ilikatika katikati, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Kutoka ndani, mahali alipojificha, Tusajigwe alipiga kigelegele.

"Nyamaza wewe!" Mzee Eliezeri alisema, na katika miaka sita ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkamwana wake. "Hapa hajaingia ng'ombe hata mmoja! Hajaja mshenga! Huyu ameolewa lini hata amkimbie mtu kama baba mkwe?"

"Ng'ombe watakuja kwa miguu yao," Mzee Jailos alijibu polepole. "Macho yangu ni mabovu, mwenzangu, ndiyo maana nakwenda Iringa. Lakini hilo nimeliona."

"Nilimwambia akatae."

"Amekataa. Amekataa kunisalimia." Fimbo iligonga chini. "Asukile, toa mfuko wangu humo mbele."

"Kwa nini, baba?"

"Unaniuliza kwa nini? Wewe umelelewa na nani? Unataka nikae bega kwa bega na mkamwana wangu kutoka hapa hadi Iringa?"

Kupitia ufa wa banda, Sekela aliona kitu ambacho angekikumbuka hata katika mji wenye theluji. Mzee yule mwenye jicho moja alishika ubao wa nyuma wa lori, akainua mguu, ukateleza, akainua tena. Asukile alikimbia kumsaidia, akasukumwa kwa fimbo. Alipanda mwenyewe. Alipanda juu ya magunia, akatafuta bonde kati ya mawili, akaketi, akauelekeza mgongo mbele, kwenye kioo cha kibanda cha dereva, uso ukatazama alikotoka. Akajifunga koti. Ilikuwa kana kwamba amekaa kwenye kiti cha mbele kanisani.

Sekela alilia bila kujua kwamba analia. Alikuwa amedhani heshima ile ni ya wanawake tu, ya kuruka mitaroni na kulowa. Hakujua kwamba upande wa pili nako kuna mtu anayepanda nyuma ya lori, kwenye baridi, kwa ajili yako, ambaye hujamwambia hata neno.

Mzee Eliezeri alisimama, mikono mgongoni, akimtazama mwenzake aliyekuwa juu. Alijua uzito wa jambo lile. Miaka sita alikuwa amekohoa. Mwisho aliingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba blanketi lake mwenyewe, lile zito la kijivu, akalirusha juu ya magunia.

"Makambako kuna upepo," alisema.

"Ndaga fijo, mwenzangu. Asante sana."

"Miaka mitatu. Asome kwanza."

"Asome. Nani atamzuia?"

Mzee Eliezeri alizunguka nyumba. Kabla ya kufika nyuma ya banda la kuku alisimama, na pengine kwa mazoea, pengine kwa sababu nyingine, alikohoa mara mbili. Kisha akaja, akamwinua bintiye, akamtoa unyoya kichwani.

"Twende," alisema. "Watu wanakungoja."

*

Walipita Chimala, walipita Igawa. Asukile alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Sekela alikuwa bado amejifunika kitenge, uso ameuelekeza dirishani. Tambarare ya Usangu ilikuwa ikipita kushoto, ng'ombe, majaruba, maji yanayong'aa, kubwa kama siku ile ya utotoni.

Aliiambia tambarare. "Asukile."

Lori liliyumba kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kuja bila kaka.

"*Aspettami*," alisema. Ningoje.

Midomo ya Asukile ilikuwa ikitembea, na Sekela, akichungulia pembeni ya kitenge, aliona kwamba anatafuta, anaonja, anaanza upya.

"*Aspetterò*," alisema mwisho. Nitangoja. Kitenzi kizima, hadi mkiani. Kisha akapumua kama aliyeshusha gunia. "Nimekifanyia mazoezi tangu Alhamisi ile. Kilomita nyingi sana."

Makambako upepo ulikuwa kama visu. Asukile alisimamisha lori, akashuka kutafuta chai. Sekela alibaki peke yake, kitenge kimemteremka mabegani, mikono magotini, akishangaa kwamba yeye ndiye yeye. Juu ya magunia kulisikika kitu kikisogea. Viatu vizito viligonga ubao, fimbo ikagonga lami, hatua zikaanza kuja polepole upande wa mlango wake.

Hatua zilisimama.

"*Kho, kho*," mtu alikohoa nje.

Sekela alivuta kitenge haraka, akajifunika, akainamisha kichwa. Na chini ya kitambaa kile, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona, alitabasamu.